Kanga za Mama Ukutani

"Nyumba hupambwa na mkono, si mfuko." Mmenisikia nikimwambia hivyo yule bwana harusi anayelalamikia kuta za nyumba yake mpya, mkacheka, kisha mkaniuliza nimeitoa wapi. Methali hii ilianza hivi, nanyi mtulie, maana sipendi kukatizwa.

Palikuwa na ndugu wawili Tanga, Nasra na mdogo wake Tumu. Wazazi wao walikuwa wamefariki, nao waliishi peke yao katika ghorofa ya juu ya jengo kuukuu. Tumu alipendana na kijana aitwaye Athumani, na mapenzi yao hayakuwa ya mchezo. Tatizo lilikuwa mama yake Athumani, Bi Raya, mtu wa jicho kali, aliyesemekana kuwakataa wasichana kwa kuona tu kwao kulivyo. Na desturi ni kwamba kabla wanaume hawajaleta posa, wanawake huja kwanza kusalimia. Kila mtu anajua salamu hizo zina macho.

Nasra aliitazama sebule yao. Kuta zilikuwa tupu, rangi imebambuka kwa unyevu. Tumu hakulalamika, ila alikuwa ameacha kula. Nasra akaapa kwamba mdogo wake hatakosa mume kwa sababu ya ukuta.

Akafungua sanduku la marehemu mama yao. Kanga zilikuwa zimechakaa katikati, lakini pindo zake bado zinang'aa. Akazikata zile pindo, akakata na korosho za pembeni, yale maua yenye umbo la korosho, na si kazi nyepesi kutia mkasi katika nguo ya mama. Akaenda sokoni kuokota mbao za makasha ya nyanya, akapigilia fremu. Tumu akapika gundi ya unga wa muhogo. Wakabandika pindo nyekundu juu ya kitambaa cheusi, korosho zikazizunguka kama watoto wanaocheza duara. Walipozitundika, sebule ikachangamka, na siku hiyo Tumu alikula.

Siku ya ugeni akafika shangazi yao, Bi Mwanakombo. Alipoziona tu, akashika kiuno.

"Matambara ukutani, Nasra? Unataka kutuaibisha?"

"Ni kanga za mama, shangazi."

"Kanga ikichakaa ni ya kudekia. Toa!"

Mkubwa habishiwi. Nasra akazihamishia kwenye ujia wa kwendea msalani, machozi yakimlengalenga. Shangazi naye akateremka kwa jirani wa chini, Bi Sauda, akarudi na picha kubwa ya kioo, fremu ya rangi ya dhahabu, yenye maporomoko ya maji na ndege weupe. Akaitundika sebuleni, akajipongeza.

Bi Raya alikuja na dada zake. Alikaa, akainua macho ukutani.

"Picha nzuri," alisema. "Inafanana na ya binamu yangu Sauda. Hata ufa wa pembeni ni uleule."

Nguo ya kuazima haisitiri matako, na siku hiyo ya shangazi yalionekana na wote. Tumu alikuwa akiingia na kahawa, vikombe vikagongana kwenye sinia. Nasra akajua ndoa ya mdogo wake inawaponyoka.

Mara ikaadhiniwa alasiri. Bi Raya akaomba maji ya udhu, Nasra akamwongoza. Katika ule ujia mgeni akasimama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hizi mmezinunua wapi?"

Nasra alikuwa amechoka na vya kuazima. "Hazikununuliwa, mama. Ni kanga za marehemu mama yetu na makasha ya nyanya. Nimezitengeneza na Tumu."

"Mbona mmezificha huku?"

"Tuliona haya."

Bi Raya akaangua kicheko, akaita kwa sauti iliyofika mtaani. "Bi Mwanakombo! Njoo uone! Kwangu nimejaza vya dukani, na hakuna mgeni aliyewahi kusimama kuvitazama. Leo mimi nimesimama, na sala inanisubiri! Nyumba hupambwa na mkono, si mfuko. Binti mwenye mikono hii ndiye nimtakaye kwa mwanangu!"

Tumu akalia kwa furaha. Na kigelegele cha kwanza, msicheke, alikipiga shangazi. Kisha akaiteremsha picha ya Bi Sauda, akairudisha mwenyewe ngazi zote zile, na kanga za mama zikarudi sebuleni.

Tumu alipoolewa, alikwenda na moja nyumbani kwa mama mkwe wake. Bi Raya aliitungua saa yake ya ukutani, ile aliyojivunia miaka yote, akaitundika kanga mahali pake. Na kila mgeni aliyeingia alisimama kuitazama. Akiulizwa imetoka duka gani, Bi Raya alijibu kwa maringo, kama ninavyowajibu ninyi: nyumba hupambwa na mkono, si mfuko.