Sauti ya Dawati la Nyuma

Mwita "wewe" huitikiwa na asiyeitwa. Mmeisikia methali hii leo kwa mama yenu, mkaja kuniuliza imetoka wapi. Basi kaeni niwaeleze chanzo chake.

Palikuwa na shule huku juu milimani Usambara, mahali ambapo ukungu huingia darasani kama mwenye nyumba. Akaletwa mwalimu mgeni, kijana wa pwani, jina lake Chambega. Somo lake alilijua barabara, watoto hakuwajua. Alifundisha uso ukiwa ubaoni, na alipotaka jibu alinyoosha chaki juu ya bega, akasema, "Wewe." Kila mtoto alidhani ameitwa mwenziwe, wakanyamaza wote. Chambega akawaona wazito wa akili.

Asubuhi moja ya ukungu mzito aliuliza swali la hesabu, akanyoosha chaki kama kawaida yake. Kutoka dawati la nyuma sauti nyembamba ikajibu, tena sawasawa. Akafurahi. Tangu hapo kila alipoita, sauti ile iliitika, wala haikukosea. Hakuona kwamba watoto walikuwa wakisogeza madawati mbele, na kwamba baadhi yao hawakuja tena.

Kisha siku moja sauti ikajibu kabla hajauliza.

Chambega akageuka. Dawati la nyuma lilikuwa tupu, limelowa chepechepe. Watoto walikuwa wamebanana mbele, wakimkodolea macho yeye. Hakuna aliyethubutu kugeuza shingo.

Akaenda kwa mwalimu mkuu, Bi Kupaza, akamsimulia yote. Bi Kupaza akamuuliza huyo anayejibu anaitwa nani. Hakujua. Akamuuliza majina ya wale wengine. Chambega akainamisha kichwa.

"Mwanangu, huku kwetu hatuiti ovyo kwenye ukungu," mama yule akasema. "Umeita bila jina, amekuja asiye na jina. Watoto wanayo majina. Waite."

Kesho yake Chambega alisimama mlangoni. Kila mtoto aliyemwamkia alimuuliza jina, akalirudia mpaka likakaa ulimini. Waliobaki nyumbani aliwafuata makwao, akawaomba wazazi radhi, wakarudi.

Somo likaanza, na ukungu nao ukaingia. Chambega aliupa ubao mgongo, akauliza swali, akamtazama binti mmoja mwenye haya aitwaye Semeni.

"Semeni," akaita.

Semeni akanyamaza. Chambega akangoja.

"Mimi ninajua," sauti ikasema huko nyuma.

Chambega hakumwondolea macho yule binti.

"Ninamngoja Semeni," akasema.

Semeni akajibu, akakosea. Mwalimu akamwendea, akainama kando ya dawati lake, wakaanza upya pamoja mpaka akapata. Akamwita Mbaruku, akamwita Kaniki. Kwa kila jina ile sauti ya nyuma ilizidi kufifia, ikawa mnong'ono, ikawa pumzi tu. Ukungu ukatoka dirishani polepole, kama mtu aliyekosa mwenyeji.

Chambega alizeekea shule ile, na wanafunzi wake walifika mbali. Lakini siku za ukungu, jina likimpotea, alisimama kimya na chaki mkononi mpaka alikumbuke, hata kengele ikilia. Walimu wapya walipomuuliza kwa nini asiseme tu "wewe", aliwajibu kwa sauti ya chini, huku akitupa jicho nyuma ya darasa: mwita "wewe" huitikiwa na asiyeitwa.