Mjukuu Aliyeziba Ufa

Paukwa!

Pakawa!

Ah, mnaitikia kama mko kwenye mkutano wa hadhara! Tena! Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo sawa. Simu chini, masikio juu.

Hapo zamani za kale, juu ya majabali, aliishi Bibi Pimbi na wajukuu wake wawili, Ndahani na mdogo wake Nyemo. Mama yao alishuka bondeni kutafuta maisha. Akayatafuta, akayatafuta, akasahau njia ya kurudi. Kila msimu alimtuma ndege Tetere: "Mama yenu anawasalimu sanaaa!" Basi. Watoto wale salamu, washushie na upepo!

Bibi akalea. Kila asubuhi pimbi huota jua jiweni, mmoja yuko zamu. Akimwona Tai, anapiga mluzi, "Chwiiii!" Wote fasta, ndani ya ufa wa jabali. Ufa mwembamba. Pimbi huingia kwa kujibana, Tai haingii ng'o.

Sasa shida ilikuwa chakula.

"Ndahani, kula."

"Nimeshiba, Bibi."

"Umeshiba nini, mbavu zote nje! Kula!"

Akala.

"Na jani hili la mwisho."

Akala. La mwisho likazaa la mwisho jingine. Ndahani akanenepa, akavimba, akawa boga lenye masikio.

Akapita jirani yao Nguchiro, mdomo hauna breki. "Bibi, unalea mjukuu au unanenepesha wa sikukuu?"

"Koma! Mtoto ana afya."

"Afya hiyo itapita kwenye ufa?"

"Itapita! Nenda kwako!"

Kesho yake zamu ilikuwa ya Bibi. Jua tamu. Wajukuu wamelala chali. Mara kivuli, vuuuum! Tai!

"Chwiiii!"

Nyemo, chupu! Kaingia. Ndahani, kichwa ndani, mabega ndani, tumbo... nde! Limekwama. Makalio nje, miguu inapiga hewa, pata-pata-pata!

"Bibi! Nimekwama!"

"Vuta pumzi ndani!"

"Haiingii!"

Bibi akamkimbilia. Mimi, akawaza. Mimi na majani yangu ya mwisho! Akasukuma. Wapi! Akasukuma tena. Wapi! Tai akacheka angani, kra-kra-kra. "Asante kwa kunipikia, Bibi! Na wewe nakuja kukuchukua, utakuwa kachumbari!"

Juu ya mgongo wa Ndahani ilibaki nafasi ndogo, ndogo kabisa. Pimbi mzima hapiti hapo. Mtoto wa pimbi hapiti.

Bibi akapita. Fyuuu! Kama jani.

"Nyemo, shika mkono huu! Mimi huu! Vutaaa!"

Wakavuta. Tai akashuka, kucha mbele. Wakavuta! Tai akanyaka, akatafuta mkia, pimbi hana mkia! Akashika manyoya tu. Pwaa! Ndahani huyo, ndani! Tai, ng'wa! Mdomo jiweni.

Wakacheka, wakalia, wakakumbatiana. Ndipo Nyemo akampapasa Bibi.

"Bibi, mbona mifupa mitupu?"

"Mimi? Mimi nashiba nikiwatazama mkila."

Ndahani akalitazama tumbo lake. Majani yote yale ya mwisho. Kumbe yalikuwa ya nani?

Asubuhi Tetere akatua. "Mama yenu anawasalimu sanaaa!"

"Mwambie salamu zimefika," Ndahani akasema. "Sasa alete majani."

Kisha akashuka mwenyewe, akachuma, akapanda akihema, hee, hee. Akamwekea Bibi mbele.

"Kula, Bibi."

"Kula wewe kwanza, baba."

"Wewe kula. Leo mimi nashiba nikikutazama."

Bibi akala. Polepole, kisha haraka, kisha akalamba vidole.

"Na hili la mwisho," akasema Ndahani.

Basi sikieni. Wajukuu, bibi akisukuma chakula upande wako, kwanza muulize yeye kala nini. Nanyi wazazi mnaopeleka watoto kwa bibi na kutuma salamu, tumeni na cha kula. Anayelea naye ana tumbo.

Ngano yangu imekomea hapo, mdomoni mwa ufa. Inukeni, mkaangalie sahani ya bibi!