Bunduki Isiyo na Mwenyewe

Hapo zamani, zama ambazo mwanamume hakwenda hata kunywa kahawa bila bunduki begani, palikuwa na mji uitwao Pangatupu, na Sultani wake akiitwa Mwinyikondo. Wanaume wa mji ule walizipenda bunduki zao kuliko walivyozichunga. Wakifika barazani huziegemeza ukutani, baruti na risasi zimo ndani, kisha hao, wameshika vikombe, wanapiga soga. Sultani ndiye aliyewatangulia katika tabia hiyo, naye alikuwa na bunduki nzuri kushinda zote, kitako chake kimenakshiwa kwa fedha, zawadi ya mkwewe.

Basi siku moja bunduki hiyo iliteleza ukutani, ikaanguka, ikalia. Risasi ikampata mguuni Bi Mwanamvua, mjane muuza maandazi aliyekuwa akipita zake njiani. Watu wakamwinua wakampeleka kwake, na bunduki ikabaki chini. Wale walioisifu asubuhi kwa uzuri wake, jioni walikuwa hawajapata kuiona maishani mwao.

Jirani yake Bi Mwanamvua alikuwa Vuai, fukara ambaye mji mzima ulimwita punguani, naye hakulala na njaa kwa sababu ya maandazi ambayo yule mama humpa yakibaki. Uchungu ukamshika, akaenda kwa Sultani.

"Bwana wangu," akasema, "Bi Mwanamvua hawezi kusimama, na kisima ki bondeni. Bila maji hakandi unga, na asipokanda hali. Namtaka mwenye bunduki."

Sultani akajikohoza. "Maskini mama wa watu. Lakini bunduki ile haina mwenyewe. Waulize hawa."

Wazee wa baraza wakatikisa vichwa. Haina.

"Na kwa kuwa wewe una kiherehere," akasema Sultani, "mtafute huyo mwenyewe. Usipomleta hapa Ijumaa, nitajua bunduki ni yako, nami nitakufunga."

"Nimesikia na kutii, bwana wangu. Na kitu cha kuokotwa hukaa kwa nani hata mwenyewe apatikane?"

"Kwa anayemtafuta," akajibu Sultani kabla hajafikiri.

Basi Vuai akaiokota bunduki, nayo sasa haina baruti wala risasi, akaenda nayo kwake. Siku ya pili akaonekana akiangua mapapai kwa bunduki ya Sultani. Siku ya tatu akaitundika uani, akaanikia shuka lake. Sultani alipopita akaona maji ya shuka yanachuruzika juu ya ile fedha, moyo ukamchoma, akarudi nyumbani asile. Akiitaka, itambidi aseme ni yake. Na akisema ni yake, kuna mguu wa Bi Mwanamvua.

Ijumaa ikafika. Vuai akaingia barazani na bunduki mkono mmoja na msumeno mkono wa pili, na nyuma yake majirani wamembeba Bi Mwanamvua juu ya kitanda cha kamba.

"Mwenyewe yuko wapi?" akauliza Sultani.

"Nimemnadi sokoni hata sauti imekauka, bwana wangu, hakutokea mtu. Basi niko tayari kufungwa. Ila kabla sijafungwa, huyu mama hana mkongojo. Nimempima, na bunduki hii imezidi kidogo kwapa lake. Nikikata hapa kwenye kitako, itamfaa sana."

Akauweka msumeno juu ya fedha, akavuta mara moja.

"We mwendawazimu, acha!" Sultani alikwisha kuwa wima. "Bunduki yangu hiyo, kanipa mkwe wangu!"

Wazee wote wakainamia mikeka. Vuai akauweka msumeno chini taratibu.

"Alhamdulillahi," akasema. "Mwenyewe kapatikana, nami sifungwi."

"Ni yangu," akasema Sultani, uso umemsawijika, "lakini sikuwa nimeishika. Ilianguka yenyewe, ikalia yenyewe."

"Nami nilisikia hivyo, bwana wangu. Ndiyo maana imekaa kwangu siku zote hizi naisubiri ijishindilie baruti yenyewe. Haijui. Nadhani huko kwako ilikuwa na mtu wa kuisaidia."

Mzee mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Sultani akamgeukia Bi Mwanamvua, na ile ndiyo mara ya kwanza alipoutazama ule mguu. Aibu ikamwingia kweli.

"Wataka nini, mama?"

"Maji, bwana wangu. Kila alfajiri, hata nipone."

"Nitakuletea watumishi watano."

"Watumishi wako hawajanikosea," akasema Bi Mwanamvua.

Tangu siku ile wanaume wa Pangatupu wakawa wanatoa baruti kabla ya kufika barazani, na kahawa wakainywa kwa mkono mmoja, bunduki wamezipakata mapajani. Si kwamba walikuwa wamepata hekima. Walikuwa wameiona njia ya kisimani ilivyo na mwinuko, na nani anaipanda na mtungi.

Na kila alfajiri hodi ikapigwa mlangoni kwa Bi Mwanamvua.

"Nani?" huuliza yeye, ingawa anajua.

Sultani hutazama huku na huku, majirani wote wako madirishani.

"Mwenye bunduki," hujibu.

"Karibu, mwenye bunduki. Tua hapo kizingitini. Na leo usimwage, jana ulinifikishia nusu."