Vibuyu Sita vya Bi Pelele

Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata bibi yangu alizisikia tu kwa bibi yake, wanyama wa Nchi ya Majabali walikuwa na nyumba zao, baraza lao na serikali yao. Kaeni vizuri. Na wewe unayemfinya mwenzako, nimekuona, acha. Siku ninayowasimulia ilibaki kidogo tu Bi Pelele apoteze watoto wake wote wanne.

Pelele mnamjua. Ni yule mnyama mdogo wa kwenye mawe, kama sungura aliyekatwa masikio. Bi Pelele aliishi na ukoo wake juu ya jabali, na chini ya jabali hilo ilitoka chemchemi.

Mtawala alikuwa Kifaru. Hakuwa mbaya, ila macho yake hayakuona mbali na hasira zake zilikuwa karibu. Kwenye baraza lake palikuwa na desturi. Juu ya kiti chake zilitundikwa njuga, na kila aliyetaka kusema alipiga kwanza mguu chini. Njuga zikilia, maneno yake yana uzito, anasikilizwa. Zisipolia, anarudi kukaa. Tembo alipopiga mguu, njuga zililia chaka-chaka-chaka, na hata akisema upuuzi, basi ulikuwa upuuzi mzito, unapitishwa kuwa amri. Pelele akipiga mguu, hata vumbi haliamki.

Basi mwaka ule watoto wakaanza kuugua matumbo. Fisi, aliyekuwa mlinzi wa Bwawa la Juu, akaruka hewani akatua kwa miguu yote minne, njuga zikalia. Akasema ubaya uko kwenye chemchemi. Pelele wanakojolea mawe, mkojo unateremka, watoto wanaunywa. Na kweli pelele hukojolea mawe, yale madoa meupe kila mtu ameyaona. Ikaonekana kesi imekwisha. Kifaru akaamuru watoto wote wanywe maji ya Bwawa la Juu, na kila nyumba impelekee mlinzi chochote cha kumshukuru. Fisi hakuwa na shida na amri hiyo.

Watoto wakazidi kuugua. Fisi akaruka tena. Akasema sasa pelele wamepania, mkojo wao unapenya chini kwa chini mpaka bwawani. Jamani, chemchemi iko chini na bwawa liko juu! Maji yapande mlima? Lakini njuga zilikuwa zimeshalia, hakuna aliyeuliza.

Bi Pelele ndiye aliyekuwa na tabia ya kuuliza. Kila aliposikia mtoto anaumwa alikwenda kwao kutoa pole, kisha akauliza jambo moja tu: amekunywa wapi? Akirudi nyumbani anaweka kokoto. Za chemchemi kulia, za bwawa kushoto. Kushoto zilifika ishirini na tatu. Kulia ilikuwapo moja, nayo ya mtoto wa nyani aliyekula maembe mabichi tangu asubuhi.

Mara tatu alizibeba kokoto zake barazani. Mara tatu akapiga mguu, njuga zikanyamaza. Tembo akauliza ni nani aliyeingiza panya, watu wakacheka, Bi Pelele akarudi kwake na machozi ya hasira.

Kisha akaugua Kipembe, mtoto wa pekee wa Kifaru. Mtawala akaacha kula. Siku hiyo hiyo Fisi akaruka mara ya tatu, na amri ikatoka kali: kesho jua likifika utosini, pelele wote washuke jabalini wakaishi uwandani.

Uwandani hakuna jiwe wala tundu la kujificha, na tai wanaona kutoka mbali. Asubuhi yake walikuwa wameshaanza kuzunguka angani. Bi Pelele aliwatazama, akawatazama na watoto wake wanne waliokuwa wakicheza bila habari. Kulia kusingewafaa. Akashuka jabalini, umande haujakauka, akaenda kwa mke wa Kifaru.

Alimkuta amekaa kando ya Kipembe, hajalala siku mbili.

"Shikamoo, mama. Mwanao amekunywa wapi?"

"Marahaba. Bwawani, kama wenzake. Si ndiyo amri ya baba yake?"

"Siombi uniamini, mama. Naomba uchukue vibuyu sita, tukachote pamoja. Uchote wewe, mimi nisiguse."

Mama Kifaru akamtazama mwanawe, akainuka.

Jua lilikuwa limekaribia utosini baraza lilipojaa. Fisi alikuwa mstari wa mbele, na mate yalikuwa yakimtoka, maana alijua tai huwa hawamalizi chakula. Bi Pelele akapenya katikati ya miguu ya wakubwa hadi chini ya Tembo. Pelele ni mdogo, ila meno anayo. Akatafuta pale katikati ya kucha penye ngozi laini, akauma, akachomoka mbio kusimama mbele ya kiti.

Puu! Tembo akapiga mguu. Chaka-chaka-chaka! Njuga zikalia mpaka moja ikakatika.

"Nani huyo?" akauliza Kifaru, ambaye kutoka kitini aliona ukungu tu. "Njuga zimelia. Aseme."

Minong'ono ikapita. Lakini desturi ni desturi, na aliyesimama mbele alikuwa Bi Pelele.

Hakulia wala kutaja kokoto. Alimsifu Fisi. Akasema pua ya Bwana Fisi haikosei, na ukoo wa pelele utaondoka bila ubishi. Ila Kipembe ana kiu. Mama yake ameleta vibuyu sita, vitatu vya ile chemchemi chafu na vitatu vya bwawa safi, navyo vimechanganyika. Nani wa kuvitenganisha kama si mlinzi mwenyewe?

Fisi akavimba kichwa. Kifaru akasimama.

"Chagua," akasema. "Utakachokichagua, mwanangu atakinywa hapa hapa."

Hilo Bi Pelele hakulipanga. Mtego wake ulikuwa wa kumnasa Fisi, na sasa mtoto mgonjwa alikuwa ndani yake.

Fisi akanusa kibuyu cha kwanza, fwu, fwu. Hakusikia harufu yoyote. Lakini baraza zima linamtazama, atasemaje hajui? Akasema ni mkojo mtupu. Cha pili, safi. Cha tatu, mkojo. Cha nne, safi. Cha tano alikitupia jicho tu, akasema hicho kitaua mtu.

Alipofika cha sita, ulimi ukamtoka wenyewe. Mkia ukatikisika. Akapiga funda moja, akalamba midomo.

"Hiki," akasema. "Hiki ndicho safi kuliko vyote. Mpeni mtoto."

Kipembe akaletwa akiyumbayumba, kiu imemkausha midomo. Akainamisha kichwa kibuyuni. Bi Pelele akaruka, akasimama juu ya mdomo wa kibuyu.

"Mtukufu, macho hudanganywa. Lakini pua yako wewe nani amewahi kuidanganya? Nusa kwanza, ndipo mtoto anywe. Ukiona ni mazuri, uwanda na uwe wetu."

Fisi akapiga kelele kwamba muda umekwisha, jua liko utosini. Kifaru hakumjibu. Aliteremka kitini hatua kwa hatua, akashusha pua yake kubwa. Akavuta pumzi. Juu, mbawa za tai zikasikika.

Akamsukuma mtoto nyuma.

"Mzoga," akasema. "Hiki kinanuka mzoga."

Ndipo Mama Kifaru akavigeuza vibuyu, kila kimoja na alama yake ya tope chini. "Nimechota mwenyewe," akasema. "Vitano ni vya chemchemi. Cha bwawa ni hicho kimoja."

"Huyu alisema vitatu kwa vitatu!" Fisi akafoka. "Amedanganya!"

"Nimedanganya hesabu, Bwana Fisi," akajibu Bi Pelele. "Lakini wewe maji yaleyale umeyaita machafu mara tatu na safi mara mbili. Tuamini pua gani?"

Wakapanda bwawani wote. Tembo akatumbukiza mkonga, akatoa paja. Akatumbukiza tena, akatoa mbavu. Akatoa kichwa cha nyumbu, na manyoya, na vingine ambavyo sitavitaja maana mtakula jioni.

Fisi alishangaa kweli. "Lakini hiyo ni akiba yangu," akasema. "Naiweka majini isiharibiwe na jua." Kwake yeye lile lilikuwa kabati la chakula, na mpaka leo fisi huficha nyama majini. Walipomgeukia, akatimua mbio.

Siku ile ile Kipembe akanywa maji ya chemchemi, na siku ya tatu akasimama. Karibu watoto wote wagonjwa wakasimama. Wawili hawakuinuka.

Bi Pelele akaletwa barazani na kokoto zake, akaambiwa azipange puani kwa Kifaru ili azione. Mama Swala, mmoja wa wale waliozika mtoto, akaja akaziangalia.

"Hizi ulizileta hapa lini mara ya kwanza?" akauliza.

Bi Pelele alitamani asijibu. "Mwezi uliopita, dada," akasema. "Wako alikuwa bado anaruka."

Kifaru aliinua pembe yake, akazing'oa njuga zote zikaanguka mavumbini, na tangu siku hiyo aliyekuja na neno aliulizwa kwanza kokoto zake ziko wapi.

Nami nimefika mwisho wa njia yangu. Rudini kwenu mkilikumbuka neno hili: kishindo cha mguu si uzito wa neno, na amri isiyouliza kwanza huwazika watoto wa wenyewe.