Baroni Aliyesahau Wimbo Wake

Nilitumiwa hadithi hii asubuhi moja nikiwa nanung'unika kwamba kazini hakuna anayeniona. Nilipoimaliza niliacha kunung'unika. Nawe isome, halafu mpe mwingine anayenung'unika.

Zamani, Ujerumani ilipokuwa bado nchi ndogondogo nyingi, kila moja na mtawala wake na kiburi chake, aliishi Baroni Gotthelf von Rieden. Alikuwa mtu wa ukoo mkubwa, tena mwenye kazi mbili. Mchana alikuwa balozi, akipatanisha watawala waliogombana. Jioni alikuwa mtunzi wa muziki, na katika ujana wake muziki huo ulipigwa katika kila jumba la maana. Mabibi wakubwa walilia mpaka poda ikawatiririka mashavuni.

Lakini cheo ni kama koti la kuazima, siku moja mwenyewe hulidai. Watawala waliompenda Baroni walikufa, mitindo ya muziki ikageuka, naye akabaki mzee katika nyumba yenye vyumba vingi visivyowashwa moto, yeye na Ottilie, mtumishi wake wa siku nyingi. Kila jioni alikaa kwenye kinanda chake akikumbuka harufu ya mishumaa, vicheko kwenye ngazi, na jina lake likitangazwa mlangoni. Aliyatamani hayo yote yarudi.

"Ottilie," alisema siku moja, "nikifa, nani atajua kwamba niliwahi kuwepo?"

Ottilie hakujua kubembeleza. Alimwambia anywe supu yake kabla haijapoa.

Sasa sikiliza. Baroni huyo alipokuwa kijana alitumwa kupatanisha miji miwili, Hohenlind na Wiesbruck, iliyotazamana ng'ambo na ng'ambo ya mto, na daraja la mawe katikati. Watu wa miji hiyo walikuwa wameuana kwa ajili ya malisho ya ng'ombe. Aliwaandikia mkataba, wakautia sahihi, lakini yeye aliijua mikataba: karatasi haijawahi kumshika mkono mtu mwenye hasira. Basi akatunga wimbo wa harusi, akaugawa vipande viwili. Tarumbeta za Hohenlind akazipa kimoja, zumari za Wiesbruck akazipa kingine. Upande mmoja ukipiga peke yake, wimbo ulikuwa na mapengo kama kinywa cha mtoto anayeng'oka meno. Wakikutana darajani, unakamilika. Wimbo mzima hakuuandika popote, alibaki nao kichwani.

Watu waliupenda sana. Ikawa desturi kwamba hakuna bibi harusi wa mji wowote aliyeingia kanisani kabla ya kupigiwa wimbo ule darajani na pande zote mbili. Na watu wanaohitajiana kwenye harusi hawauani kirahisi.

Miaka ikapita. Hohenlind ikapata mtawala mpya, Emmerich, kijana mwenye haraka. Akagombana na Wiesbruck juu ya malisho yaleyale, akaamua daraja livunjwe. Watu wake wakamuuliza, na harusi zetu je? Ndipo aliposikia kwamba mtunzi wa wimbo yu hai bado, akamtumia gari la farasi.

Baroni alilitoa koti lake la ubalozi, Ottilie akalishonea kifungo. Mzee akalivaa kwa furaha. Kumbe hakuwa amesahauliwa.

Ukumbini, mbele ya wakuu wote, Mtawala hakuzungusha maneno.

"Bwana Baroni, wapigaji wangu wameshindwa kuyajaza mapengo ya wimbo kwa kusikia tu. Yajaze wewe, tuupige wenyewe bila hao wa ng'ambo. Jina lako litachongwa juu ya lango la mji, na muziki wako utarudi kupigwa hapa."

"Na daraja, Mtukufu?"

"Daraja la nini tena?"

Sisi husema tenda wema nenda zako. Kusema ni rahisi. Mzee huyu alikuwa ameiota siku hiyo kwa miaka, na sasa ilikuwa mbele yake, imeandaliwa kama meza.

Akaketi kwenye kinanda. Akapiga kipande cha Hohenlind, vizuri, mpaka kwenye pengo la kwanza. Vidole vyake vilijua pa kwenda. Akaviinua.

"Unisamehe, Mtukufu. Hapa sikumbuki."

Aliambiwa ajaribu tena, akajaribu, akakwama palepale. Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele. Mtawala akasema huyu mzee ni tapeli tu, na Baroni akatolewa kwa mlango wa jikoni, akarudi kwake kwa miguu.

Ottilie alisikiliza habari yote, kisha akamtazama.

"Lakini jana jioni uliupiga wote. Nilikuwa nafua, nikausikia."

"Jana nilikumbuka," alisema Baroni.

Ottilie alikwenda jikoni. Alichukua nyama iliyowekwa kwa ajili ya Jumapili, akamtilia yote kwenye supu.

Ikawaje? Wasichana wa Hohenlind walikataa kuolewa kwa wimbo wenye mapengo. Mama zao wakakataa pamoja nao, na Mtawala ambaye hakuogopa jeshi aliwaogopa akina mama. Daraja likaachwa.

Majira ya maua, Baroni alikwenda kusimama darajani kati ya watu wa harusi, hakuna aliyemjua. Tarumbeta zikaanza upande huu, zumari zikaitikia upande ule, na ujana wake wote ukamrudia. Machozi yakamtoka.

Mwanamke mmoja muuza mikate, mtu wa Wiesbruck, akamsogelea. "Vipi, mzee, unaujua wimbo huu?"

"Niliusikia zamani. Aliutunga nani?"

Mwanamke alicheka, akawaelekezea kidole watu wa Hohenlind waliokuwa wakicheza mbele yao.

"Utungwe na nani tena? Ni wetu. Wetu sisi na wale."

Baroni akavua kofia yake. Katika ubalozi wake wote hakuna mkataba uliowahi kumpa neno hilo.

Funzo: Si kila asiyetajwa ameshindwa. Wapo waliokubali kusahauliwa ili wengine wasisahau kupatana.