Kanga ya Chiku na Kucha Kumi za Piko

Hapo zamani, wala si zamani za mababu, zamani hizi hizi za juzi, alikuwepo Ujiji binti wa miaka kumi aitwaye Chiku. Alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, na kila mwezi alitakiwa kliniki akapimwe wingi wa damu. Naye akiogopa nini? Sindano! Akiiona, mbio. Walimtoa uvunguni, walimtoa chooni, siku moja walimtoa ndani ya pipa la jirani.

Basi Nesi Yustina wa kliniki akapata kipimo kipya. Hakichomi, hakitoi hata tone. Kinabana kidole kama kibanio cha nguo, kinapitisha mwanga mwekundu kwenye ukucha, kisha kinaandika namba. Chiku akakipenda. Mwezi wa kwanza, nane. Mwezi wa pili, nane. Mwezi wa tatu, nane.

"Nane ndiyo damu yako, Chiku," alisema Nesi. "Ikishuka tu, tutajua."

Tangu hapo, siku ya kliniki, Chiku ndiye aliyemwamsha bibi yake, Bibi Mgeni.

Ikaja harusi ya mama yake mdogo, Zuhura. Bi Tunu, fundi wa hina, akaitwa kuwapamba wasichana. Chiku akang'ang'ania: "Bi Tunu, mimi kucha zote kumi, kwa piko nyeusi tii!" Akapakwa, zikang'aa. Kesho yake ilikuwa kliniki. Chiku aliamka miguu mizito, hatua tatu tu moyo unamwenda mbio. Akanyamaza kimya, maana mgonjwa hachezeshwi ngoma.

Kule kliniki kipimo kikabana kidole. Kikafikiri, kikafikiri. Nane!

"Hongera, kacheze harusi," alisema Nesi, na Chiku akafurahi kuliko bibi harusi.

Bibi Mgeni akavuta ngozi ya chini ya jicho la mjukuu wake, akatazama ndani. Kweupe. "Nesi, mwanangu, mtoto huyu hana damu."

"Bibi, kipimo kimesema nane."

"Na macho yangu yamesema hapana. Siondoki." Akaketi kwenye benchi, akakataa hata chai.

Nyumbani shughuli ikasimama, kwa kuwa ufunguo wa stoo ya mchele ulikuwa kwenye pindo la kanga ya Bibi. Bi Tunu akatumwa kuufuata. Akamkuta Nesi anampima Chiku mara ya pili ili Bibi aridhike. Alipokiona kile kitaa chekundu juu ya ukucha, akashika kichwa. "Ala! Mwanga upite wapi? Piko yangu haipitishi hata jua la saa sita!"

Nesi akakitoa kipimo: kumbe kilisoma weusi wa piko, si damu. Kucha kumi, piko kumi. Ilibaki sindano. Wote wakamtazama Chiku, kisha wakautazama mlango, kwani walimjua. Chiku naye akautazama. Aliutaka ule mlango kwa moyo wote. Mwisho akafumba macho, akanyoosha mkono.

"Nichome upesi, kabla sijabadili nia."

Damu ikasema tano.

Akalazwa siku ile ile, akaongezewa damu. Zuhura akaapa haolewi bila Chiku. Bwana harusi akaambiwa asubiri, akasubiri siku nne, na pilau ikapikwa mara mbili. Siku ya nne Chiku aliingia akicheza, vigelegele vikapaa! Zuhura akampa doti mpya ya kanga.

"Mtunze aliyekuokoa. Ila usiikate. Nusu kanga ni nusu asante."

Nesi Yustina akasogea. "Ni yangu. Bila kipimo changu mtoto angekuwa ndani ya pipa hadi leo. Na hiyo tano mngejuaje kuwa ni ndogo kwake, kama nisingewapa nane?"

"Kipimo chako ndicho kilichomtuma akacheze ngoma," alisema Bibi Mgeni. "Mimi ndiye niliyemtazama mtoto machoni, nikakaa."

"Ulikaa, lakini hukujua kilichokosewa," alisema Bi Tunu. "Nisingekuja mimi, ungekaa mpaka leo, na mchele ungali stoo."

"Aliyefunga mlango hadai ujira wa kuufungua! Piko ni ya nani?" akajibu Bibi Mgeni. Watu wakacheka, Bi Tunu naye akacheka.

Zuhura akasema, "Na mkono ulionyooshwa ulikuwa wa nani? Labda Chiku ajitunze mwenyewe."

"Huyu aliyeficha uchovu wake?" akauliza Nesi.

Chiku akasimama katikati, kanga mikononi, piko imeanza kufifia kwenye kucha. Moyo unamwenda mbio, safari hii kwa furaha. Anawapenda wote. Ngoma imenyamaza, inamngoja yeye.

Haya, nyinyi mliokaa mkinisikiliza, msimwachie mtoto mzigo huu peke yake. Kanga ni moja, wala haikatwi. Je, nani alistahili?