Ukungu wa Ndani ya Gari

"Hebu funga hilo dirisha, mwalimu. Mvua inalowesha mto wangu."

Hilo ndilo jambo la mwisho la kawaida lililotokea katika nyumba ile. Mume, mwalimu wa fizikia, alikuwa akisahihisha mitihani. Akasema, "Nimalizie karatasi moja tu." Akaimaliza, akainuka, akafunga. Mkewe akasema asante, akalala, na hakuamka tena.

Ndugu zangu, dirisha lile halikufunguliwa siku arobaini. Wewe ungelifungua? Na mwalimu naye hakusali tena kama zamani. Kanisani alifika, wakati wa nyimbo alisimama, lakini kila alipofumba macho kuomba, ombi lilikuwa lile lile: "Nionyeshe alipo." Hakujibiwa. Akaacha kuomba.

Arobaini ilipokwisha, ilimpasa amrudishe mama mkwe, aliyekuja msibani, kwao kwenye uwanda wa juu wa Kitulo, pamoja na sanduku la nguo za marehemu zikagawiwe ndugu. Mama alikaa nyuma, maana kwa desturi yao mama mkwe haketi bega kwa bega na mkwewe. Kiti cha mbele kikabaki kitupu. Mvua ilinyesha tangu asubuhi, vioo vyote vimefungwa. Walipofika juu, mbele kote kukawa kweupe. Mwalimu akaongeza kasi ya waipa za kufuta kioo. Weupe ukazidi. Gari likawa linatambaa.

"Baba," mama mkwe akasema, "unaendesha au unapapasa?"

"Ukungu, mama. Leo mlima umefungwa kabisa."

"Ukungu gani? Hizo si pumzi zetu kwenye vioo? Fungua kioo. Na wewe si ndiye unayefundisha mambo hayo shuleni?"

"Mvua itaingia, mama."

"Iingie. Kwani sisi sukari?"

Mkono wake ukasita. Mnajua kwa nini ulisita. Kisha akashusha kioo. Baridi ikaingia, na kioo cha mbele kikaanza kung'aa, pembe moja, kisha nyingine. Nje hakukuwa na ukungu. Kulikuwa na manyunyu, na maua: ya njano, ya zambarau, na mengine mekundu, marefu, yamesimama kama mienge, mteremko mzima mpaka macho yalipokoma. Walikuwa wakipita katikati yake muda wote ule.

Akasimamisha gari.

"Hapa ndipo mwanangu alipokuwa akichelewa shule," mama akasema. "Namchapa, kesho anachelewa tena. Namuuliza, kwani huwezi kupita tu? Ananiambia, 'Mama, nikipita bila kuyaangalia, nani atayaangalia?'"

Miaka kumi na tisa ya ndoa, na hilo mwalimu hakuwahi kulisikia. Akalia, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Mama akashuka, akazunguka gari, akaketi kwenye kiti cha mbele.

"Desturi itanisamehe," akasema. "Kule nyuma sioni vizuri."

Tusimcheke mwalimu. Sisi nasi tumefunga vioo, na tumevifunga kwa upendo, kwa sababu ndilo neno la mwisho tuliloambiwa. Tumekaa humo na kupumua huzuni yetu mpaka kila kioo kimepofuka, kisha tunasema Mungu amejificha. Tunafuta nje kwa nguvu zote. Nani alituambia ukungu uko nje? Mwalimu aliomba aonyeshwe mkewe alipo, na hakuonyeshwa. Alionyeshwa mahali mkewe aliposimama akiwa mtoto, na kwamba Mungu alikuwa amempambia mahali hapo kabla mume hajamjua. Sitawaambia hamu yake ilipungua. Ilizidi, lakini sasa ilikuwa na pa kutazama.

Alirudi nyumbani jioni ile ile. Kesho yake asubuhi, mvua ingali inanyesha, alifungua dirisha la chumbani. Matone yakaangukia mto wa upande wa mkewe. Akauacha ulowe, akapiga magoti.